Muti si Pazia la Foto

Katika nambari hii tunataka kusema neno juu ya jambo lenye wengi wataona ni dogo: namna tunavyopiga foto za miti. Musicheke kwanza. Musome mupaka mwisho, kisha mutucheke kama bado munaona sababu.

Siku hizi karibu kila familia iko na telefone yenye kupiga foto. Siku ya feti, siku ya ndoa, siku ya kutangaza matokeo, watu wanakimbilia chini ya muti. Kwa nini chini ya muti? Juu kuko kivuli, kuko majani mazuri nyuma, na foto inatoka na rangi. Basi wanapanga mabega, wanacheka, mwenye telefone anahesabu moja, mbili, tatu. Mukitazama foto ile mutaona viatu, mutaona saa ya mukono, mutaona kitambaa kipya. Na muti? Umekatwa kichwa, umekatwa miguu. Kumebaki paka kipande cha gamba na majani kidogo. Tumeufanya kuwa kama lile pazia la fotografe wa muji, lenye kuchorwa maua na maporomoko ya maji.

Hatukatazi mutu kupiga foto na rafiki zake. Furaha ni furaha. Lakini tunasema hivi: muti unastahili kupigwa foto yake yenyewe, nzima, kutoka chini mupaka kilele, pamoja na mahali penye unasimama, ni kusema kilima, shamba, njia, nyumba na mawingu. Tena tunasema kazi hiyo ianze sasa, si mwaka kesho. Wote munajua kama ile miti mine ya sipre ya njia ya kanisa itaangushwa wakati wa vakansi kubwa, ili tupate mbao za madarasa. Hatubishani na halmashauri. Mvua inaingia darasani, na mbao hazitoki mbinguni. Lakini tumeuliza katika madarasa yote, na hakuna mutu hata mumoja mwenye foto moja ya miti ile mine pamoja, muzima muzima. Foto za watu mbele yake ziko nyingi sana. Foto ya miti yenyewe hakuna.

Sababu yetu ya kwanza ni ukumbusho. Muulize muzee ye yote wa milima yetu ya Kivu. Atanyoosha mukono, atasema: "Pale kulikuwa pori. Hata saa sita ya muchana ulikuwa unasikia baridi. Na pale penye kaliptusi kulikuwa mivumu mikubwa, watu walifanya barza chini yake." Mwanafunzi anatazama, anaona maharagi na viazi, anaona mistari ya kaliptusi, anafikiri muzee anaongeza chumvi. Muzee hawezi kumuonyesha kitu. Si kosa lake, kwa maana siku zile kijijini hapakuwa mashine ya foto. Lakini sisi tuko nayo. Nyuma ya miaka makumi tatu sisi njo tutakuwa wazee. Tutanyoosha mukono vilevile, na watoto watatucheka vilevile, kama hatukuweka kitu.

Musifikiri haya ni mawazo ya wanafunzi tu. Mulima wa Ruwenzori, wenye kugawanya Kongo na Uganda, uko na ushuhuda wa namna hiyo. Mwaka wa 1906 mukubwa mumoja wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda kule na kikundi chake, na kati yao kulikuwa fotografe Vittorio Sella. Wakati ule mashine ya foto haikuwa kitu cha kutia mufukoni, wapagazi ndio walibeba. Sella alipiga foto za barafu ya kilele, lakini hakuishia pale. Alipiga vilevile miti ya mulimani: ile erika mikubwa yenye kuvaa ndevu za kuvu, na lobelia ndefu kupita mutu, kila kimoja mahali pake, pamoja na mawe na ukungu. Leo wataalamu wanatumia foto zile ili wajue mulima umebadilika namna gani. Wakati wa Sella barafu ilifunika zaidi ya kilometa za mraba 6. Kufika mwaka wa 2003 kulibaki karibu kilometa moja tu ya mraba. Bila foto za zamani, nani angeamini? Sella mwenyewe hakujua kama barafu itakwisha. Alipiga tu kwa uangalifu, akaandika mahali na siku. Ule uangalifu njo unatusaidia leo.

Mufano mwingine uko kwetu kabisa, kule Yangambi, kando ya muto Kongo, upande wa magaribi wa Kisangani. Kituo kile cha utafiti cha INEAC kilikuwa kikubwa sana tangu miaka ya 1930. Kuanzia mwaka wa 1937 mupaka 1958, watumishi walizunguka porini karibu kila juma kutazama miti ile ile, jumla karibu 2000. Walitazama kila muti: umetoa maua? umezaa matunda? majani yameanguka? Hawakupiga foto, walitia alama kwa kalamu juu ya karatasi. Lakini karatasi zile zimechungwa, na katika miaka hii wataalamu wamezitia katika ordinatere, ili wajue namna pori la Kongo linafuata mvua na jua. Angalieni vizuri, wandugu: nguvu ya kazi ile haikutoka katika mashine ya bei. Ilitoka katika kurudi. Mutu alirudi kwa muti ule ule, akaandika, akarudi tena. Basi hata telefone ya bei ndogo yenye kioo cha kupasuka inaweza kufanya kazi kubwa, kama mwenyewe anakubali kurudi.

Sababu ya pili: kupiga foto ya muti kunafundisha macho. Tunapita kila siku mbele ya miti, lakini tukiulizwa matawi yake yanaanzia wapi, hatujui. Mwenye kutaka kuupiga foto anapashwa kuzunguka, kusogea nyuma, kungojea jua. Kungojea kule ni masomo ya biolojia na ya jeografia pamoja. Hata mwanzoni mwa kazi ya foto ilikuwa vile. Mwingereza Talbot, mumoja wa wale wenye kuvumbua foto ya karatasi, alipiga muti wa mwaloni wakati wa baridi ya kwao, majani yameanguka yote. Ilikuwa karibu mwaka wa 1842 au 1843. Siku zile mashine ilihitaji muda murefu ili ikusanye mwangaza. Mutu akitikisika, anatoka kama moshi. Lakini muti unakaa kimya, na muti usio na majani hata upepo hauusumbui sana. Miti imekuwa walimu wa mafotografe tangu mwanzo.

Sasa, mutu apige namna gani? Tumejaribu na tumeuliza wenye kujua, na tunawapa haya machache.

Kwanza, usisimame karibu sana. Ukiwa chini ya muti na kuinua telefone juu, shina linaonekana linaanguka nyuma, kichwa kinakuwa kidogo na miguu mikubwa. Rudi nyuma mupaka muti wote unaingia, na telefone ikae wima, isielekee mbinguni. Kama kuko kilima kingine mbele yake, panda pale, utauona vizuri kupita.

Pili, chagua saa. Saa sita ya muchana jua liko juu ya kichwa, kila kitu kinatoka bapa, na chini ya majani ni giza. Asubui na mangaribi jua linapiga kwa pembeni, na mutaona gamba, matawi, hata mikunjo ya kilima. Wakati wa kiangazi angalieni moshi wa mashamba. Kuna siku milima ya mbali haionekane hata kidogo. Mvua ikikwisha kunyesha, hewa ni safi, njo wakati muzuri.

Tatu, tia katika foto kitu chenye kuonyesha ukubwa. Muti peke yake unaweza kudanganya macho, hatujui ni metre 5 ao 30. Mwenzako asimame kando ya shina, ao weka jembe pale. Hapo ndipo mutu anaruhusiwa kuingia katika foto ya muti, kama kipimo, hapana kama bwana arusi.

Ine, chagua jiwe ao nguzo ya kusimamia, na usisahau ni ipi. Mwaka kesho urudi pale pale, mwezi ule ule, saa ile ile. Ukipiga wakati wa mvua leo na wakati wa kiangazi mwaka kesho, utasema muti umekauka, kumbe ni majira tu.

Tano, andika. Siku, saa, mahali, umesimama upande gani, jina la muti kwa Kiswahili na kwa luga ya kijiji, na jina la kisayansi kama mwalimu analijua. Foto bila maandiko ni yatima. Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tujibu wenye kutupinga, maana tunajua wako.

Wa kwanza anasema: "Foto haizuii shoka." Ni kweli, na tunaweza kumusaidia kwa mifano. Katika jangwa la Niger kulikuwa muti mumoja wa akasia, ukiitwa muti wa Ténéré. Ulisimama peke yake, mamia ya kilometa bila muti mwingine. Walipochimba kisima karibu yake, walikuta mizizi yake imeshuka zaidi ya metre 30 kutafuta maji. Misafara yote iliujua, hata karata za jeografia ziliuonyesha. Mwaka wa 1973 dereva mumoja wa kamio aliugonga, ukaanguka. Katika jangwa lote lile, akagonga ule muti mumoja! Maiti yake ilipelekwa katika nyumba ya makumbusho kule Niamey, na mahali pake wakasimamisha muti wa chuma. Tena kule Uingereza kulikuwa muti wa Sycamore Gap, katikati ya vilima viwili, kando ya ukuta wa zamani wa Waroma. Ulikuwa kati ya miti yenye kupigwa foto nyingi kupita yote katika inchi ile. Usiku mumoja wa Septemba 2023 watu wawili waliukata kwa msumeno wa motere, bila faida yo yote. Maelfu ya foto hayakuwazuia.

Basi foto si uzio, tunakubali. Lakini muangalie kilichofuata. Kwa ule wa Uingereza, taifa zima lilijua ni kitu gani kimepotea, kwa sababu kila mutu alikuwa na foto yake nyumbani. Watu wale wawili walipelekwa mbele ya waamuzi, na katika Julai 2025 kila mumoja akapewa kifungo cha miaka 4 na miezi 3. Na kisiki chenyewe kilianza kutoa machipukizi katika mwaka wa 2024. Kwetu ni miti mingapi inaanguka, na kesho yake hakuna mwenye kukumbuka kama ilikuwako? Muti usio na foto wala maandiko unakatwa mara mbili: mara moja kwa shoka, mara ya pili katika mawazo ya watu.

Wa pili anasema: "Ninyi watoto wa masomo, munataka kupiga foto, halafu mutamushitaki mama mwenye kuchoma makala." Hapana. Neno hili ni kubwa, tulichukue polepole. Parke ya Virunga ilianzishwa mwaka wa 1925, ni ya kwanza katika Afrika. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa katika kazi ya kuilinda. Makala ni kati ya mambo yenye kuleta vita ile. Lakini nani anapika bila makala? Maharagi ya internati yetu yanapikwa na nini? Mama mwenye kubeba gunia mugongoni hakutajirika, anatafuta minerval ya mutoto wake, pengine mutoto huyo anakaa nawe kwa banki moja. Na wale wenye kukimbia vita, wakifika mahali bila kitu, watapika na nini kama si kuni zenye kuwa karibu? Ndiyo maana tunaweka sheria: foto zetu ni za miti na udongo, si za kushitaki. Mutu akiwa anafanya kazi, tunamusalimia, tunamuuliza kama anakubali. Akikataa, tunageuza telefone, kwisha. Tena musijaribu kamwe kupiga foto karibu na barieri, na kambi ya askari, ao na daraja, hata kama muti wa pale ni muzuri namna gani. Telefone itaenda, na pengine wewe utaifuata.

Tunaongeza hili: foto ya kweli haichagui upande. Wengine wanasema kaliptusi ni adui, inakunywa maji yote. Wengine wanasema ni mwokozi, inakomaa upesi. Muti ule ulitoka Australia, na leo milima yetu imejaa nao. Tukipiga foto ya kaliptusi pamoja na udongo wa chini yake, mara nyingi tutaona pale hapaote kitu kingi. Lakini tukipiga vilevile gunia la makala lenye kutoka katika kaliptusi ya kupandwa, tutakumbuka kama gunia lile halikutoka katika pori la parke. Ndiyo maana mwaka wa 2007 WWF ilianzisha kazi ya EcoMakala pande za Virunga, ili wakulima wapande miti ya makala katika mashamba yao wenyewe. Mambo haya mawili ni ya kweli yote. Foto nzuri, yenye kuonyesha muti na mahali pake, inatuacha tubishane juu ya kitu chenye tunaona, pahali pa kubishana juu ya maneno tu.

Sasa tunafika kwa maombi yetu. Tunayaleta kwa heshima mbele ya Bwana Prefe, Bwana Direktere wa nizamu, na walimu wote.

Tunajua sheria ya shule: telefone ya mwanafunzi haiingii. Hatuombi sheria ivunjwe. Tunaomba telefone moja tu, yenye kukaa mukononi mwa mwalimu wa biolojia, na siku moja tu kila trimestre. Siku hiyo darasa moja litoke naye, lipige foto za miti 12 yenye tutachagua pamoja: ile ya kiwanja, ile ya chemichemi, muvumu wa soko, na mingine ya kilima cha mbele. Darasa lenye kufuata litarudi kwa mawe yale yale.

Tunaomba daftari moja kubwa katika bibliyoteke. Gazeti letu hili haliwezi kuchapa foto, munajua wenyewe: mukitia foto ya muti katika mashine yetu, inatoka doa jeusi kama kipande cha makala. Basi mwisho wa mwaka foto zitolewe kwa fotografe wa muji, zibandikwe katika daftari, na maandiko yake kando. Bei yake si kubwa. Sisi wa kikundi cha gazeti tuko tayari kuuza mandazi wakati wa mapumziko ili tuilipe.

Na ombi la haraka kupita yote ni juu ya miti mine ya njia ya kanisa. Mwenye msumeno akifika mbele yetu, hakuna daftari litasaidia. Tunaomba ipigwe foto katika mwezi huu, mara mbili: asubui kutoka upande wa kiwanja, mangaribi kutoka kwenye ngazi za kanisa, mwanafunzi mumoja akisimama kando ya shina kama kipimo. Nyuma ya kuangushwa, ipigwe tena kutoka mahali pale pale, na tena wakati mbao zitakuwa juu ya madarasa. Mutoto mwenye kuingia shule hii nyuma ya miaka 20 ataona miti, kisha visiki, kisha dari la darasa lenye anakaa ndani. Ataelewa kama dari lile lilikuwa na kivuli mbele ya kuwa dari. Na pengine atauliza: na ninyi mulipanda nini pale? Swali lile litatufaa. Mashimo mane ya kupandia yachimbwe mbele ya mvua ya Septemba, na foto ya tano itakuwa ya miche.

Mwenye wazo lingine aandike, hata kama ni la kutupinga. Sanduku la barua liko kwa mulango wa bibliyoteke, na tutachapa barua zenye heshima katika nambari yenye kufuata. Na mwenye kuwa nyumbani na foto ya zamani ya kilima chetu, hata ya baba ao ya bibi, hata yenye kukunjika na kuliwa na mende, asiitupe. Atuletee tuitazame, tutamurudishia. Pengine nyuma ya kichwa cha bibi kuko muti wenye hakuna mutu mwingine anaukumbuka.

Kikundi cha gazeti